Anti, binti yangu anasema yeye ni Elsa na mimi ndo yule mama wa kwenye mnara

Shikamoo anti. Naomba usiandike jina langu maana huku mtaani tunajuana wote.

Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Tanga mjini, nauza vitambaa. Huyu mkubwa ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, mtoto ambae hajawahi kunisumbua, yani nilikua nasifiwa na majirani. Sasa tangu shule zifunguliwe mwezi wa kwanza amebadilika na mi sielewi tena nimshike wapi.

Kwenye simu kuna hizi video fupi fupi, wanachukua wale mabinti wa kwenye katuni za Disney alafu kila mmoja wanampachika ugonjwa wake wa akili. Elsa wa Frozen ana sonona na angzaiti, yani wasiwasi uliozidi, Rapunzel ana bipola, yani hisia kupanda juu sana alafu kushuka chini sana, Belle yule aliependa mnyama ana sindromu ya Stockholm, yani mateka kumpenda aliemteka, Ariel yule nguva ana ugonjwa wa kurundika vitu, malkia wa Snow White na kioo chake anajipenda kupitiliza, na kadhalika. Binti yangu na wenzie wanashea hizo video kutwa. Mwanzo niliona ni michezo ya watoto wa siku hizi nikanyamaza.

Juzi natandika kitanda chake nikakuta daftari, amechora jedwali kabisa, upande mmoja majina ya hao watu wa katuni na upande mwingine magonjwa. Pembeni ya Elsa ameandika MIMI kwa herufi kubwa. Pembeni ya Gothel, yule bibi aliemfungia Rapunzel kwenye mnara, ameandika mama. Anti nilikaa chini. Hiyo Tangled nimeiangalia na wanangu zaidi ya mara moja, yule mwanamke aliiba mtoto wa watu kwa ajili ya nywele. Mimi nimemzaa huyu kwa uchungu na namlea peke yangu tangu baba yao alivoondoka.

Nikamuuliza kwa upole tu, mwanangu unaumwa? Akanijibu "mama we huwezi kuelewa, nina angzaiti kama Elsa" akafunga mlango. Na mlango ndo maisha yake saivi, akitoka shule anajifungia. Netiboli ameacha, na alikua anaipenda huyo. Chakula anagusa tu. Usiku nasikia anatembea chumbani. Maksi zimeshuka mwalimu ameniita. Sweta halivui hata nyumbani na unajua joto la Tanga lilivyo, nikimwambia avue anakua mkali.

Bibi yake, mama yangu mimi, alifariki mwezi wa kumi mwaka jana na walikua wanalala chumba kimoja, ila kwenye msiba binti alikua imara sana, tulimwambia ajikaze maana yeye ndo mkubwa na wadogo zake wanamwangalia, na kweli hakulia.

Baba yake mdogo anasema simu ivunjwe, katuni ndo zinamharibu, na atakuja mwenyewe jumamosi kuivunja. Jirani anasema ni jini asomewe. Mwalimu anasema nimpeleke hospitali ila mi naogopa, watu wakisikia watasema kapelekwa Lutindi, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, binti bado mdogo nani atamuoa. Na mimi mwenyewe moyoni nauliza, mtu anaweza kweli kuambukizwa ugonjwa wa akili na katuni? Au anaigiza tu? Na mimi ni Gothel kweli?

Mama wa Tanga

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole, pole kwa mama pia maana naona kwenye barua umemtaja bibi kama habari ya pembeni na wewe ndo uliefiwa na mzazi.

Nianze na sweta. Umeliweka katikati ya netiboli na maksi kama jambo dogo, mimi ndo limenishtua kuliko daftari. Mtoto wa miaka 16 anaefunika mikono kwenye joto la Tanga, anakua mkali akiambiwa avue, na wakati huohuo halali usiku, hali chakula, na amejitenga, inabidi tuulize kama anajiumiza. Sisemi ndo hivo. Anaweza kua anaona aibu ya mwili wake, anaweza kua ana ngozi ina shida, au sweta lina harufu ya bibi yake, sijui. Ila usisubiri kujua kwa bahati. Usimvute mkono, usimfunue akiwa amelala, usimtume mdogo wake akachungulie. Kaa nae mkiwa wawili, mwambie unaona ana mzigo, alafu muulize wazi: kuna wakati unajiumiza? Kuna wakati unawaza bora usingekuepo? Najua yanatisha kutamka. Wazazi wengi wanaogopa kwamba ukimuuliza mtoto habari za kufa unamtia wazo, na wataalamu wameshalichunguza hilo, kuuliza hakumtii wazo, wengi wanapata nafuu kwamba hatimae mtu ameuliza. Akijibu ndio, usipige kelele, usilie juu yake, mshukuru kwa kukwambia, dawa zote za nyumbani na vitu vya makali viondoke anapovifikia, asiachwe peke yake, na mnaenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku.

Haya sasa katuni. Kwenye hizo video kuna vitu vya kweli vimechanganywa na vya kubuni, na binti yako anastahili mtu wa kukaa nae avichambue. Hii tabia ya kuwapa watu wa hadithi magonjwa haikuanzia TikTok. Desemba 2000 jarida la madaktari wa Canada lilichapisha makala ya wataalamu wa watoto kutoka Halifax, wakampima Winnie the Pooh na wenzie wote, yule dubu wakasema umakini wake ni mdogo, Piglet ana wasiwasi, Eeyore yule punda ana huzuni ya muda mrefu. Waliandika kwa utani, lilikua toleo la sikukuu, na wasomaji wao ni madaktari waliojua ni utani. Saivi mtindo uleule unamfikia mtoto wa kidato cha tatu bila mtu wa kumwambia kipi ni mzaha na kipi ni kipimo.

Chukua Rapunzel. Wanasema ana bipola kwa sababu siku alipotoka mnarani anaruka kwa furaha, dakika inayofuata analia anajiita binti mbaya, anaruka tena. Bipola haiendi hivo. Kitabu cha vipimo wanachotumia madaktari wa akili Marekani kinataka ile hali ya kupanda juu idumu wiki nzima au zaidi, ile ndogo yake siku 4, na ya kushuka wiki 2. Haibadiliki kila dakika. Rapunzel ni mtoto aliefungiwa miaka 18 akatishiwa dunia, siku ya kwanza ametoka, furaha na hatia vinagombana ndani yake, na mtu yeyote angekua vile. Belle nae, ile sindromu ya Stockholm jina lake limetokana na uvamizi wa benki Sweden mwezi wa nane 1973, mateka wanne walishikiliwa siku 6 na wakaonekana kuwaogopa polisi kuliko mtekaji, daktari mmoja wa akili aliekua anawasaidia polisi ndo akalipa jina. Mpaka leo haimo kwenye kile kitabu cha Marekani kama ugonjwa. Na Ariel wanamwonea. Ugonjwa wa kurundika ni mtu hawezi kutupa chochote hata takataka mpaka nyumba haikaliki, haipikiki, hailaliki, lakini lile pango la Ariel limepangwa kwa mapenzi, ni mtoto ana kitu anakipenda tu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, hapana, katuni haziambukizi. Zinachofanya ni kumpa mtoto jina la kulivaa kabla hajui linalomsumbua. Alieumwa tumbo anaweza kukuonyesha kwa kidole panapouma, ila kidole hakiwezi kusema kama ni vidonda au minyoo. Elsa ni hicho kidole. Binti yako anakuonyesha pale panapouma, na mimi nadhani amekuonyesha sawasawa kabisa.

Ebu ikumbuke hiyo Frozen ya 2013. Elsa ni mtoto mkubwa. Anamuumiza mdogo wake kwa bahati mbaya, na wazazi wanaompenda, si wabaya wale, kwa hofu wanamvalisha glavu, wanafunga mageti, wanamfundisha kuficha na kutohisi. Alafu wazazi wanakufa baharini na yeye yuko ndani ya chumba, mdogo wake anagonga mlango nje, wote wawili wamefiwa na hakuna anaemshika mwenzie. Sasa rudi kwako. Mtoto mkubwa, amefiwa na mtu aliekua analala nae chumba kimoja, ameambiwa ajikaze wadogo wanamwangalia, akajikaza mpaka mkamsifu. Hayo matanga yameisha kwenu nyie wakubwa, yeye hajaanza. Na anarudi kila siku kulala kwenye chumba kilekile na kitanda kimoja kitupu. Hajaigiza huyo mtoto. Amepata filamu inayosema kile ambacho nyumbani hakikupata nafasi ya kusemwa. Kumwambia ajikaze ndo tulivyolelewa karibu wote na nia huwa ni njema, ila ile ruhusa ya kulia inatakiwa itoke kwako, na bado ipo ndani ya uwezo wako kuitoa hata leo usiku.

Kama ni ugonjwa au si ugonjwa, hilo haliamuliwi na mimi wala na jedwali lake. Naweza kukwambia tu daktari ataangalia nini ili usiende gizani. Kwenye sonona wanatafuta dalili 9, kama usingizi, hamu ya kula, umakini, kujiona huna thamani, kuwaza kifo, na mtu awe na 5 au zaidi kwa wiki 2 mfululizo, mojawapo lazima iwe huzuni au kupoteza hamu ya vitu alivyopenda. Netiboli hiyo. Na kwa umri wa binti yako ile huzuni inaweza kutoka kama ukali, ndo maana mzazi anadhani ni jeuri. Wasiwasi wa jumla, hiyo angzaiti anayoisema, kipimo chao ni miezi 6 ya hofu ambayo siku nyingi ipo kuliko haipo. Na msiba uliogoma kutulia nao siku hizi una nafasi yake, kile kitabu kiliongezwa hilo mwaka 2022, kwa watoto na vijana wanaanza kuhesabu kuanzia miezi 6. Unaona jinsi vyote hivyo vinapishana karibu karibu, ndo maana inahitaji mtu aliesomea akae nae, hata akiniandikia yeye mwenyewe mi nisingethubutu kumwambia una hiki. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo fulani la afya ya akili, kwa hiyo darasani kwake hayuko peke yake, na hao wenzie wanaoshea video pengine kila mmoja anatafuta kitu chake humo.

Sasa Gothel, najua ndo palipokuuma. Wewe si Gothel. Yule alimtaka mtoto kwa ajili ya nywele zake, anamkejeli unene, anamkejeli ujinga, alafu anasema natania tu, anamtisha na dunia ili asitoke, na binti akiumia yeye ndo anajifanya aliekosewa. Mama anaekaa chini akauliza "na mimi ni Gothel kweli" hayuko kwenye mnara ule. Ila usilitupe lile neno lililoandikwa. Mtoto haandiki mama pale bila kuna tukio anakumbuka. Inaweza kua ni wewe kusema avue sweta, inaweza kua kumkataza kwenda kwenye kaburi la bibi, inaweza kua utani wa mwili wake ambao nyumba nzima mlicheka. Muulize hivi: ile picha ya Tangled, ni sehemu gani ukiangalia unanikumbuka mimi? Alafu nyamaza. Usijitetee, usimhesabie ada ulizolipa, usitaje uchungu wa kuzaa. Atakachosema kinaweza kukuchoma na kinaweza kua hata si haki, wewe kipokee kwanza. Kujibu utajibu wiki ijayo.

Na mwambie ukweli kwamba daftari umeliona wakati unatandika. Usizunguke ukijifanya umeota, watoto wa umri ule wakigundua wamepelelezwa wanahamishia kila kitu kwenye simu yenye namba ya siri.

Njia ya kuanza mazungumzo ni ileile Frozen. Wadogo zake wakilala, mwombe muangalie wote, wewe na yeye, na usimhoji kila dakika. Kama mna ya pili ile ya 2019 itakua bora zaidi, maana humo kuna sehemu Anna, yule mdogo wake Elsa, anaamini dada yake amekufa, amebaki pangoni peke yake gizani, na hawazi kesho wala kesho kutwa, anajiinua anafanya hatua moja tu iliyo mbele yake, alafu nyingine. Ni msiba mtupu ule, umetengenezewa watoto na watu wazima tunalia. Ukilia na wewe mbele yake kwa ajili ya mama yako, lia, atajua kwamba kwenye nyumba hii kulia kunaruhusiwa.

Baba mdogo mzuie kabla ya jumamosi. Ana uchungu na mtoto wa kaka yake, ni jambo jema, lakini mkumbushe tu Mfalme Triton, baba yake Ariel, alifanya nini. Aligundua siri ya Ariel, akaingia kwenye lile pango akavunja kila kitu mbele ya macho ya mtoto kwa hasira ya upendo, na dakika hiyohiyo Ariel analia pale ndo wakaja wale samaki mikunga wa mchawi Ursula kumchukua. Alikua hajawahi kufikiria kwenda kwa yule mchawi kabla. Binti yako saivi marafiki waliobaki wako ndani ya hiyo simu, ukiivunja unamfungia kwenye kile chumba bila hata dirisha. Simu ilale sebuleni kwenu wote kuanzia saa tatu usiku, na ya kwako pia, hiyo sawa. Kuvunja hapana. Baba mdogo akija jumamosi aje na samaki wa kukaanga akae nae barazani, amsimulie bibi alivyokua, hicho ndo mtoto anakikosa.

Jirani na jini lake, mimi sitagombana na dini ya mtu. Kama nyumbani mnasoma dua someni, kama mnaomba ombeni, dua haijawahi kukataza hospitali. Ninachokataa ni asomewe kwa kushikwa kwa nguvu, apigwe, afukizwe moshi au anyimwe chakula, hapo simama mlangoni.

Na Lutindi jamani. Watu wa Tanga tunalitumia jina la ile hospitali kama tusi wakati ipo kule milimani Korogwe tangu enzi za Mjerumani, inahudumia ndugu zetu. Hata hivyo binti yako haanzii huko. Unaanzia hospitali ya rufaa ya mkoa, hapo Bombo, unaulizia kitengo cha afya ya akili, mnaingia mnakaa na mtu mnaongea, mnarudi nyumbani jioni kupika. Kwa watoto wengi mazungumzo ndo tiba ya mwanzo, dawa zinakuja pale daktari akiona zinahitajika na sio lazima. Hilo la nani atamuoa, mdogo wangu, kwanza awe hai na alale usingizi. Mwambie kabla kwamba mnaenda, usimdanganye mnaenda sokoni. Mwambie pia daftari lake aende nalo kama anataka, daktari mzuri atafurahi kuliona jedwali na atamuuliza maswali kuliko mimi nilivyouliza. Na mwombe daktari akae nae peke yake kidogo wewe ukiwa nje, kuna mambo hatayasema ukiwepo, hata muwe mnapendana vipi.

Akigoma kabisa kwenda, ipo namba 116, ni ya watoto, kupiga ni bure, anaweza kupiga yeye mwenyewe bila wewe kusikiliza au unaweza kupiga wewe kama mzazi ukaelekezwa. Kenya nako namba ni hiyohiyo, kwa wanaosoma hii wakiwa Mombasa.

Mwalimu aliekuita, rudi kwake. Mwambie mtoto amefiwa na ana miadi ya hospitali, omba aruhusiwe siku hizo na asisimamishwe mbele ya darasa kwa ajili ya maksi. Ulizia nani ni mwalimu wa malezi. Na yule kocha wa netiboli kama unamjua, mwombe asimwambie arudi kucheza, amwambie tu aje akae pembeni aangalie wenzie, aje na sweta lake kama anataka.

Wewe nae nani anakukalia? Mama yako amekufa, mume hayupo, biashara unafungua saa moja asubuhi. Tafuta dada au shoga mmoja umwage yote huko, ili ukiingia chumbani kwa binti uwe na nafasi ya kusikiliza. Swali la sweta usilipitishe leo, la Gothel linaweza kusubiri mpaka mrudi Bombo.

Anti